Wairlandi na kutafuta ndugu wa mbali: juu ya nini jina peke yake halitoshi

Wazee wa Goma na wa Kalemie wanaweza kukumbuka Wairlandi. Mwaka wa 1960, wakati ONU ilituma askari wake Congo, kikosi cha kwanza cha Irlandi kilifika Goma, na kingine kikaenda Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Tarehe 8 Novemba mwaka ule, tisa kati yao waliuawa karibu na Niemba. Irlandi ni kisiwa kidogo cha Ulaya, pembeni ya Uingereza. Lakini watu wenye asili ya kule wametawanyika dunia nzima. Marekani peke yake, zaidi ya watu milioni 30 wanasema asili yao ni Irlandi.

Wengi wao wanatafuta ndugu waliobaki kule. Wanauliza: huyu mwenye jina kama langu, ni wa kwetu ao hapana? Katika makala hii tunaeleza namna wanavyotafuta, na namna mtu anaweza kudanganyika.

Watu waliachana namna gani?

Kabla ya mwaka 1845, Irlandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini walikula karibu viazi tu. Mwaka ule ugonjwa ukaingia katika viazi, vikaoza shambani. Njaa ikaendelea miaka mingi. Watu karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli, wakaenda Uingereza, Marekani, Kanada na Australia. Mara nyingi baba ao kijana mukubwa alitangulia, anafanya kazi, anatuma pesa ya tiketi kwa wengine. Mtu akihama mji, akikufa ao akikosa mtu wa kumwandikia barua, kamba inakatika.

Kule Boston, gazeti moja la Wakatoliki, The Pilot, lilipokea matangazo ya watu waliotafuta ndugu zao. Ilianza mwaka 1831 ikaendelea mpaka 1921. Mke anatafuta bwana yake, dada anatafuta kaka. Mara nyingi tangazo lilitaja kaunti, parokia, meli, na mahali mtu alionekana mara ya mwisho. Leo matangazo yale yamekuwa hazina, sababu vitabu vingi vya Marekani viliandika neno moja tu: "Irlandi". Na nchi ile iko na kaunti 32, ndani yake vipande vya ardhi zaidi ya 60.000, kila kimoja na jina lake. Ukikosa kujua kipande, umekosa karibu yote.

Moto wa Dublin

Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya Wairlandi wenyewe kwa wenyewe, ofisi kubwa ya nyaraka ya Dublin ililipuka na kuungua. Iliungua pamoja na karatasi karibu zote za hesabu ya watu ya miaka 1821, 1831, 1841 na 1851, nusu na zaidi ya vitabu vya Kanisa la Kiprotestanti la Irlandi vilivyokuwa vimewekwa mule, na barua nyingi za urizi.

Lakini si moto peke yake ulikosa. Karatasi za hesabu ya 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Zile za 1881 na 1891 ziligeuzwa kuwa karatasi mpya wakati wa vita ya kwanza ya dunia, sababu karatasi ilikuwa imepungua. Mwaka 1921 watu hawakuhesabiwa, juu ya vita vya uhuru. Kwa hiyo hesabu za kabla ya mwaka 1921 zilizobaki nzima, nyumba kwa nyumba, ni mbili tu: 1901 na 1911.

Karatasi zilizobaki

Hesabu za 1901 na 1911 zinaonyesha jina la kila mtu ndani ya nyumba, umri, dini, kazi na kama anajua kusoma. Zinasomwa bure kwenye intaneti. Hata hivyo, umri usiuamini haraka. Mwaka 1909 serikali ilianza kulipa pansio kwa wazee wenye kupita miaka 70, shilingi 5 kwa juma. Wazee wengi hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Kumbe kuna watu ambao kati ya 1901 na 1911 "walizeeka" kuliko miaka kumi! Lakini pansio ile ilileta faida moja. Wazee waliomba ofisi itafute majina yao katika hesabu za 1841 na 1851, na fomu zao zikabaki. Vile vipande vya vitabu vilivyokuja kuungua vikaokoka.

Eta sivili ya watu wote, ni kusema kuzaliwa, ndoa na kifo, ilianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Wakatoliki zilikuwa zinaandikwa tangu 1845.

Kuna tena vitabu vya parokia za Wakatoliki. Maktaba ya taifa iliviweka kwenye intaneti mwaka 2015, bure, mpaka karibu mwaka 1880. Vingi viliandikwa Kilatini, kwa hiyo James anaitwa Jacobus. Mwisho, kuna kitabu cha kodi ya ardhi kilichosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864. Kinataja nani alikaa katika kipande gani na nani alikuwa mwenye ardhi. Watoto na wake hawamo.

Na tangu Juni 2022, kuna kazi kubwa ya kukusanya kwenye intaneti kopi za nyaraka zilizoungua, kutoka maktaba na ofisi za nchi mbalimbali.

Kosa la Annie Moore

Tarehe 1 Januari 1892, kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, kilifunguliwa. Wa kwanza kupita alikuwa msichana wa Cork, Annie Moore, na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Wazazi walikuwa wamekwisha kutangulia New York. Jina lake likawa kubwa, na kila mtu akajiuliza: kisha akaenda wapi?

Kwa miaka mingi, jibu lilikuwa: Texas. Kule kulikuwa mwanamke mwenye jina lile lile, aliyekufa mwaka 1923 kwa kugongwa na tramu. Wajukuu wake waliitwa kwenye sherehe, wakaheshimiwa. Hawakuiba kitu, waliamini habari ya nyumbani kwao.

Mtafiti mmoja wa historia za jamaa, Megan Smolenyak, alifungua karatasi. Hesabu ya watu ilisema mama wa Texas alizaliwa Illinois, ndani ya Marekani. Basi hakuweza kushuka meli kutoka Irlandi. Mwaka 2006, Smolenyak alitoa ahadi ya dola 1.000 kwa atakayeleta ushahidi wa Annie wa kweli. Majuma machache tu, njia ikafunguka, na aliyeifungua ni mdogo wake Philip, kupitia karatasi zake za uraia zilizokuwa New York. Kumbe Annie aliishi New York. Aliolewa na Joseph Augustus Schayer, akazaa watoto wengi, wengine wakakufa wadogo, naye akafa mwaka 1924. Alikuwa amelala katika kaburi bila jina, makaburi ya Calvary. Mwaka 2008 aliwekewa jiwe lenye jina lake.

Kosa la jina moja lilifanya jamaa moja ishangiliwe, na nyingine isahauliwe pamoja na kaburi lake.

Namna ya kumpima ndugu wa "labda"

Watafiti wa Irlandi wanakubali kuandika jina na kuweka alama ya kuuliza mbele yake. Kisha wanapima mambo haya:

1. Mahali. Murphy ndilo jina la ukoo lenye watu wengi zaidi Irlandi, na lilianza katika sehemu mbalimbali, kwa watu wasio ndugu. Kinyume chake, Sullivan na O'Sullivan wanaweza kuwa nyumba moja. Ile Ó maana yake ni uzao wa fulani, na Mac ni mtoto wa fulani. Wakati wa utawala wa Waingereza wengi waliiacha, kisha wengine wakairudisha.

2. Jina la utani. Mahali ukoo mmoja ulijaa, kama Ryan kule Tipperary, watu waliongeza neno: "mweupe", "mwekundu". Wakati mwingine neno lile limeandikwa hata katika kitabu cha kodi.

3. Wasimamizi wa ubatizo. Paren na maren mara nyingi walikuwa shangazi, mjomba ao jirani wa karibu. Majina yale yale yakirudi katika nyumba mbili, kuna kitu.

4. Desturi ya kuita watoto. Mara nyingi kijana wa kwanza alipewa jina la baba ya baba, wa pili jina la baba ya mama. Binti wa kwanza jina la mama ya mama, wa pili la mama ya baba. Ni alama tu, si sheria.

5. Ruhusa ya ndoa. Kanisa halikukubali ndugu kuoana bila ruhusa, na padri alipaswa kuihesabu. Ukisoma katika kitabu kwamba bwana na bibi arusi ni ndugu wa daraja ya tatu, maana yake wazazi wa babu ao bibi zao ni wamoja. Daraja ya pili, ni wajukuu wa babu mmoja. Neno moja la padri linaweza kuunganisha nyumba mbili kuliko majina kumi.

6. Kaka na dada. Njia ikifungwa kwa mtu wako, fuata ndugu zake. Annie alipatikana kupitia Philip.

Na damu je?

Siku hizi wengi wanatuma mate kwa kampuni za kupima ADN. Wajukuu wa babu na bibi wamoja wanashiriki karibu asilimia 12,5. Wale ambao wazazi wa babu zao ni wamoja, karibu asilimia 3. Ukipanda hatua nyingine moja, haifiki hata asilimia 1, na karibu mmoja kati ya kumi hataonyesha kitu, hata kama ni ndugu kweli. Kwa hiyo kukosa kuonekana si kusema hapana. Tena katika visiwa na milima ambako watu walioana jirani kwa jirani, kipimo kinaweza kuonyesha undugu wa karibu kuliko ulivyo. ADN inasema kwamba kuna damu. Haisemi ni babu gani. Hilo linatafutwa katika vitabu na kwa wazee.

Ndiyo maana mtafiti wa kweli haogopi kuacha alama ya kuuliza, hata miaka mingi. Anaandika jina, mahali, mwaka, na nani alimwambia, halafu anangoja ushahidi wa pili. Aliyeondoa alama ile mapema alishangilia Annie wa Texas, na Annie wa New York akabaki bila jiwe miaka 84.