Saa Moja Usiku: Ratiba ya Televisheni ya Taifa Kenya, 1962 hadi 1990

Anayetaka kujua Wakenya wa miaka ya 1980 walivyozipitisha jioni zao hana haja ya kuanza na hotuba za viongozi. Afungue gazeti la siku yoyote ya miaka hiyo, atafute ile safu nyembamba ya vipindi vya televisheni. Kituo kilikuwa kimoja nchi nzima, kwa hiyo safu yenyewe ni fupi, na mwanahistoria mwenye haraka huiruka. Naona anakosea. Ratiba ile inaonyesha nani alipewa muda wa kusema, kwa lugha gani, saa ngapi, na nani hakupewa kabisa.

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, ukoloni ukielekea ukingoni. Mtambo wa kwanza uliwekwa Limuru, mlimani juu ya Nairobi, chini ya shirika la Kenya Broadcasting Corporation lililoundwa mwaka uliotangulia. Shirika hilo halikudumu. Tarehe 1 Julai 1964 serikali mpya ililitaifisha likawa Sauti ya Kenya, ambayo wengi waliijua kwa herufi tatu za VOK, nayo ikawekwa chini ya wizara ya habari. Mwaka 1970 Mombasa ikapata kituo cha kurushia vipindi kutoka Nairobi, na mwaka 1978 picha zikaanza kuja kwa rangi. Zanzibar ilikuwa imeitangulia Kenya kwa rangi tangu mwanzoni mwa mwongo huo; Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi 1994.

Kuwa idara ya wizara kulikuwa na uzito wake. Msomaji wa habari, mpiga picha na mpanga vipindi wote walikuwa watumishi wa serikali. Mkuu wao alikuwa waziri. Walifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuhesabu yaliyofichwa.

Siku za kazi matangazo yalifunguliwa jioni, watoto wakiwa wametoka shule. Vilianza vipindi vya watoto, katuni, kwaya na ngoma za kila pembe ya nchi. Kisha saa moja usiku ikaingia taarifa ya habari kwa Kiswahili. Saa tatu ikafuata nyingine kwa Kiingereza. Taarifa hizo mbili ndizo zilizoshikilia jioni nzima, na kila kipindi kingine kilitafutiwa nafasi kabla yake, baada yake, au katikati.

Ile ya saa moja ilikuta nyumba imejaa: bibi yupo, watoto hawajalala, jirani asiye na televisheni amekuja na kigoda chake. Vijijini kusiko na umeme, seti iliwashwa kwa betri ya gari, na mwenye nayo hakuweza kumfungia mtu mlango. Kiswahili ndicho kilichoweza kuusemesha ukumbi wa namna hiyo. Sauti kama za Badi Muhsin na Leonard Mambo Mbotela ziliwafundisha watu wa bara matamshi ambayo darasani hawakuyapata. Mbotela alikuwa amekwisha kujulikana redioni kwa kipindi chake cha adabu, Je, Huu Ni Ungwana?, alichokianzisha mwaka 1966.

Habari ya kwanza ilikuwa ya Rais. Alikokwenda, aliyepokewa naye, alichokifungua, hata siku ambayo nchi ilikuwa na jambo zito zaidi. Mabadiliko ya serikali, kufutwa na kuteuliwa, watu waliyasikia redioni saa saba mchana. Jioni wakaketi kuona nyuso. Mwezi Juni 1982 Kenya ilipofanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria, ratiba haikuhitaji kubadilishwa, kwa maana ilikuwa imeishi hivyo muda mrefu. Waliowekwa kizuizini bila kesi hawakuwa na dakika yao. Ni pengo la kuumiza, na safu ya gazeti inalionyesha kwa kutosema neno.

Utajiri wa ratiba ile, kwa maoni yangu, umo katika michezo ya kuigiza. Vitimbi na Vioja Mahakamani viliingia miaka ya 1980 vikadumu miongo. Mzee Ojwang na Mama Kayai waligombana na kupatana mbele ya nchi nzima, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa sarufi angekitilia wino mwekundu lakini kila mtazamaji alikitambua: Kiswahili cha Kijaluo, cha Kikamba, cha Kiluhya, cha Kikisii, vyote katika ua mmoja. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang, alikuwa Mkikuyu. Alimwigiza mzee wa Kijaluo kwa mapenzi na usahihi kiasi kwamba wengi hawakulijua hilo. Katika nchi ambayo siasa yake iligawanyika vikali kati ya jamii hizo mbili tangu mwisho wa miaka ya 1960, naona kazi yake ilijenga jambo ambalo hotuba za umoja hazikuliweza. Alifariki Julai 2015, na aliombolezwa na watu wa kila kabila.

Wikendi ilikuwa na sura yake. Jumapili kulikuwa na kwaya za injili katika Joy Bringers. Wapenzi wa kandanda walikuwa na Football Made in Germany, mechi za Bundesliga zilizotangazwa na Toby Charles, zikiwafikia siku nyingi baada ya kuchezwa bila mtu kulalamika. Na zikaja siku zilizovunja ratiba yote: mazishi ya Jomo Kenyatta tarehe 31 Agosti 1978, Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi mwaka 1987, na Desemba ya mwaka huo huo, Gor Mahia walipotoka sare ya 1–1 na Espérance ya Tunisia na kuchukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini.

Mwaka 1989 sheria mpya ilirudisha jina la KBC, na mwaka 1990 KTN ikaanza Nairobi. Kwa mara ya kwanza mtazamaji wa jijini aliweza kubadilisha kituo. Vituo vikaongezeka, na mwaka 2015 mitambo ya analojia ikazimwa. Ila vituo vya binafsi vilivyokuja kushindana na KBC, vyenye studio za kisasa na uhuru ambao VOK haikuupata, viliukuta mpangilio ule wa zamani vikaufuata: Kiswahili saa moja, Kiingereza saa tatu.