Misaada ya makampuni kwa wafanyabiashara wa mpakani: ipi inajenga, ipi inapita

RUGERERO, Rubavu – Sekta ya Rugerero iko pembezoni mwa mji wa Gisenyi, kwenye barabara kuu iendayo Musanze na Kigali. Goma ni soko la jirani kabisa, na kila ukulima, ubebaji au uchuuzi wa huku unategemea mpaka. Kwa miaka mingi makampuni, mabenki na wataalamu wa kujitolea wamekuja Rwanda na mafunzo ya ujasiriamali. Makala haya yanaeleza aina za misaada hiyo, na mambo ya kuangalia kabla hujapoteza siku ya soko ukiwa darasani.

Aina ya kwanza: kampuni inayofundisha na kununua

Hapa kampuni inamfundisha mzalishaji kwa sababu inahitaji bidhaa yake. Bralirwa, iliyoanzishwa 1957 na ambayo mwanahisa wake mkuu ni Heineken, ina kiwanda cha bia ufukweni mwa Ziwa Kivu hapa hapa Rubavu. Heineken, shirika la EUCORD na serikali ya Uholanzi waliendesha mradi wa CREATE katika Rwanda, Ethiopia na Sierra Leone. Wakulima walisaidiwa kuongeza mavuno, na nafaka ikapata mnunuzi katika viwanda vya bia.

Mfano mwingine uko Masoro, wilaya ya Rulindo. Kampuni ya Marekani ya Kate Spade ilisaidia kuanzisha karakana ya mikoba, ambayo wafanyakazi wana hisa ndani yake na inaiuzia kampuni hiyo. Faida ya mtindo huu ni soko. Hatari yake ni kumtegemea mnunuzi mmoja: akipunguza oda, kijiji kizima kinaumia.

Aina ya pili: mabenki

KCB iliingia Rwanda 2008 na Equity 2011. Zote mbili zina programu za ujasiriamali. KCB ilianzisha 2jiajiri nchini Kenya 2016, na nchini Rwanda ina programu iitwayo Igire. Kwa mtu wa mpakani kuna jambo la ziada: Equity ilinunua benki nchini Kongo 2015, na KCB ikachukua hisa nyingi za TMB ya Kongo 2022. Mfanyabiashara anaweza kukuta kundi lile lile la benki pande zote mbili.

Lakini benki ni mkopeshaji. Mafunzo yake ni mazuri, ila mara nyingi mlango wake wa kutokea ni mkopo. Uliza riba na dhamana mapema. Serikali ina mfuko wa BDF, ulioanzishwa 2011, ambao hudhamini sehemu ya mkopo, hadi asilimia 75 kwa wanawake na vijana. Pia kuna Umurenge SACCO, zilizoanza 2009 kwa mpango wa kila sekta kuwa na yake.

Aina ya tatu: washauri wa kujitolea

Hawa hutoa muda wao bila kudai mshahara. PUM ya Uholanzi, iliyoanzishwa 1978, na SES ya Ujerumani hutuma wataalamu wenye uzoefu wa muda mrefu, wengi wao wastaafu. BPN ya Uswisi iko Rwanda tangu 2011 na huwaunganisha wajasiriamali na walezi wa biashara. Mwaka 2008 benki ya Goldman Sachs ilianzisha 10,000 Women. Wanawake wa Rwanda walisoma mjini Kigali katika chuo cha SFB, kwa ushirikiano na taasisi ya William Davidson ya Michigan. MTN nayo, tangu 2007, huwatoa wafanyakazi wake siku 21 za kujitolea kila mwaka.

Rugerero yenyewe imeonja msaada wa namna hii, ingawa haukutoka kwa kampuni. Kuanzia 2004 msanii Lily Yeh na shirika lake la Barefoot Artists walifanya kazi na manusura wa mauaji ya kimbari. Watu wa kujitolea walikuja kufundisha ushonaji na kazi ya umeme wa jua. Mgeni huondoka, kinachobaki ni kile ambacho mwenyeji anaweza kukifanya peke yake.

Daftari kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chukua hesabu ya mfano tu: mama amenunua nyanya kwa faranga 60,000, akauza Goma kwa 78,000. Anaona faida ya 18,000. Toa mbebaji 5,000, malipo ya njiani 4,000, zilizooza 4,500, nauli na chakula 2,500. Amebaki na 2,000. Mshauri anayemwonyesha hesabu hii kwa siku moja amemsaidia kuliko anayempa fulana na cheti.

Mpaka ukifunga

Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona, lakini malori ya mizigo yaliruhusiwa. Wachuuzi waliozoea kuvuka kwa miguu walilazimika kuunganisha bidhaa zao na kukodi gari pamoja. Hilo lilihitaji mambo ambayo programu nzuri hufundisha: kikundi kinachoaminiana, orodha ya mzigo wa kila mtu, na mteja wa upande wa pili anayepigiwa simu. Wenye magari nao walipata kazi mpya. Januari 2025, M23 walipoiteka Goma, mabenki ya mji huo yalifunga, na aliyekuwa na akiba yote upande mmoja alijua maana yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujiandikisha

1. Baada ya mafunzo, nani atanunua? Kwa bei gani, na kwa mkataba gani?
2. Mshauri atakuja mara ngapi, na kwa muda gani?
3. Je, anaijua biashara ya kuvuka mpaka, karatasi zake na gharama zake?
4. Mafunzo yako kwa lugha gani, na siku gani? Siku ya soko ni hasara.
5. Mkopo ukiwepo, riba ni ngapi na dhamana ni nini?
6. Mpaka ukifungwa mwezi mmoja, mpango unasemaje?

Wasafirishaji wasidhani haya ni ya wachuuzi peke yao. Mwenye lori anajua bei ya mafuta, siku za foleni na namna ya kupanga mzigo usiharibike. Saa moja kwa mwezi na chama cha ushirika ni ulezi wa biashara wa kweli, na wale anaowafundisha kukusanya mzigo leo ndio watakaomkodi kesho.