Paragon City: Miaka 20 ya Mji wa Wachezaji

Mtu wa Sori, kando ya Ziwa Victoria, akitaka kucheza mchezo wa ajua haombi ruhusa kwa yeyote. Ubao ukikosekana, atachimba safu mbili za mashimo ardhini, aokote kokoto, na mwenzake akiketi mbele yake mchezo umeanza. Ndiyo maana ajua imerithiwa kizazi hadi kizazi kandokando ya ziwa hilo. City of Heroes haikubahatika hivyo: ubao wake ulikuwa mmoja, na mwenyewe alikuwa na uwezo wa kuufungia.

Mchezo huo wa mtandaoni ulizinduliwa Aprili 2004. Waundaji walikuwa Cryptic Studios wa Marekani, na biashara ilikuwa mikononi mwa NCsoft ya Korea Kusini. Mchezaji alijiundia shujaa, akamchagulia sura, mavazi na uwezo wa kuruka au kurusha moto, kisha akaingia Paragon City kupambana na wahalifu bega kwa bega na wenzake. Oktoba 2005 ikaja City of Villains kwa waliopenda kuwa wabaya. Mwaka 2007 NCsoft ikanunua haki zote.

Tarehe 31 Agosti 2012 ikatangazwa kwamba mchezo unafungwa. Maelfu walitia saini ombi la kuunusuru. Septemba wakawakusanya mashujaa wao katika uwanja wa Atlas Park, penye sanamu ya Atlas aliyebeba dunia mabegani, wakiwa na mienge mikononi. Walifurika hata mfumo ukafungua nakala nyingi za uwanja uleule ili wote waenee. Mwishoni mwa Novemba seva zikazimwa.

Kilichozimwa ni nini hasa? Picha za mji, sauti na mavazi vilikuwa ndani ya kompyuta ya kila mchezaji. Lakini nani yuko wapi, pigo limempata nani, adui amebakiwa na nguvu kiasi gani, hayo yalihesabiwa kwenye seva za kampuni. Kundi la Titan Network likaanza na kilichobaki. Lilitengeneza programu ya kukifungua tena chumba cha kuundia mashujaa, na mwaka 2015 likatoa Paragon Chat, iliyowaruhusu watu kuzunguka mjini na kuzungumza, bila kupigana. Kwangu hao ndio wanaostahili heshima ya kwanza katika historia hii. Walirudi kwenye mji usio na adui wala ushindi, kwa sababu tu wenzao walikuwemo.

Kumbe kikundi kingine, SCORE, kilikuwa na seva kamili, kikiiendesha kimyakimya kwa waalikwa peke yao. Siri ilifichuka Aprili 2019, baada ya karibu miaka sita, na wengi walighadhibika: wao wakiomboleza, wenzao walikuwa mjini wakicheza. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Hofu ya SCORE ya kushtakiwa haikuwa ya kubuni, lakini mchezo wa wachache hauna wa kuwarithi wachache hao. Muda si muda msimbo wa seva ukawekwa hadharani, seva mpya zikachipuka, na kubwa kuliko zote ikawa Homecoming.

Homecoming inaendeshwa na watu wa kujitolea. Kucheza ni bure. Gharama hulipwa kwa michango, na kila mwezi kiasi kinachohitajika kikishatimia, mlango wa kuchangia hufungwa. Mwenye pesa zake angoje mwezi ujao. Hakuna anayejenga nyumba kwa fedha hizo. Zaidi ya kuulinda mji wa zamani, wanaongeza misheni na uwezo mpya.

Januari 2024 ikatangazwa kwamba NCsoft imewapa leseni, ikiwaachia wachezaji waendeshe kwa idhini mchezo ambao kampuni yenyewe iliuzima. Seva nyingine zilizozaliwa 2019 hazimo katika leseni hiyo, na baadhi yake wachezaji wanaendelea kuziendesha wenyewe.