Asili ya Tom Bombadil
Tangu The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien ilipotolewa Uingereza mwaka 1954 na 1955, wasomaji hawajaacha kubishana juu ya Tom Bombadil, mzee wa msituni ambaye ile Pete ya uovu haina nguvu juu yake. Wengine humdhani Muumba aliyejificha, wengine pepo wa nchi. Ubishi huo ni mtamu, ila wote huitafuta asili yake ndani ya hadithi, hali yeye aliitangulia. Jina hilo lilikuwa la mwanasesere wa watoto wa Tolkien. Kisha likaingia katika shairi lililochapishwa mwaka 1934, riwaya ikiwa haijaanza kuandikwa. Naye Tolkien, katika barua ya Aprili 1954, alikiri kwamba fumbo hilo aliliacha kwa makusudi.