Walimu walisainiwa. Walilipwa lini?

1/ Walimu wakigoma, hata hapa Mumbuni utasikia: "Hawa hawatosheki!" Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Oktoba 1997, uchaguzi ukikaribia, KNUT iligoma nchi nzima. Serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa miaka 5.

3/ Awamu ya kwanza ikalipwa. Kura zikapita. 1998 ikawa "pesa hakuna". Ilikuwa enzi ya soko huria, na IMF na Benki ya Dunia zilitaka gharama ya mishahara ya umma ibanwe. Walimu wakagoma tena, wakarudi darasani mikono mitupu.

4/ 2003 malipo yakapangwa upya, yakasukumwa mbele miaka mingi. 2013, miaka 16 baadaye, walimu bado waligomea marupurupu ya 1997!

5/ 2021 wakasaini mkataba wa miaka 4 usio na nyongeza ya mshahara hata shilingi.

6/ Ona basi: chama hakikupigwa marufuku. Kiliruhusiwa kujadiliana, halafu bajeti ikafuta kilichokubaliwa. Na kila mgomo, anayekosa masomo ni mtoto wa shule ya umma.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akiwaahidi walimu nyongeza, muulize: iko kwa bajeti ya mwaka gani?