Zaka ya Yemen na Nikeli ya Ngara

Bwana Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen, alimwagiza kuwa zaka ichukuliwe kwa matajiri wa huko na irudishwe kwa mafukara wao. Abu Ubayd, katika Kitabul-Amwal, anaeleza yaliyofuata zama za Sayyidna Umar (r.a.). Muadh alipeleka Madina thuluthi ya zaka. Umar akamkatalia: hakumtuma kukusanya kodi, bali kuchukua kwa matajiri na kuwapa mafukara wa hapo hapo. Muadh akajibu kuwa hakuleta kitu ambacho kule yupo wa kukipokea. Mwaka wa pili akaleta nusu, wa tatu yote. Swali likawa lile lile na jibu lile lile.

Kisa hiki kinatujia tukiitazama nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Ilitambuliwa miaka ya 1970. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba ulioleta kampuni ya Tembo Nickel, yenyewe ikichukua hisa 16 kwa mia. Mgodi uko Kagera, lakini kiwanda cha kusafishia kilipangwa Kahama, mkoani Shinyanga. Majirani zao wa Biharamulo walikwisha kuona mgodi ukifunguliwa na kuachwa: Tulawaka ilianza kutoa dhahabu 2005, na 2013 African Barrick Gold ikaikabidhi STAMICO.

Hata hivyo, tusikivute kisa kupita kiasi. Zaka ina watu wake wanane, mrabaha hauna. Kwetu Mashafi, zaka ya machimbo ni ya dhahabu na fedha tu, nikeli haimo. Mahanafi huchukua khumsi katika madini yanayoyeyuka na kufuliwa. Kauli mashuhuri ya Wamaliki ni kuwa machimbo ni ya Imamu, hata yakiwa ndani ya shamba la mtu, ayaendeshe kwa maslahi ya wote. Hii ndiyo iliyo karibu na sheria ya Tanzania, ambayo humfanya Rais kuwa mdhamini wa madini kwa niaba ya wananchi.

Basi Mhangaza hawezi kudai nikeli ni yake peke yake. Lakini tazama kwa Umar nani alitakiwa kujieleza: si Wayemen, bali aliyeiondoa mali kwao.

Kenya, yenye kaunti, iliandika mafungu katika Sheria ya Madini ya 2016: katika mrabaha, 70 kwa mia serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii ya hapo. Tanzania mrabaha huingia Hazina, na halmashauri hutegemea ushuru wa huduma.