Muda wetu na muda wa Kijapani

Kiswahili kilitoa neno muda katika Kiarabu, na kwetu ni kipindi. Kijapani nacho kina neno muda, lisilo na udugu wowote na letu, na maana yake ni upotevu: shughuli inayokula nguvu na fedha bila kumfaa mteja. Taiichi Ohno wa Toyota aliugawa upotevu huo mafungu saba, likiwamo la kusubiri.

Huko Maua, mji wa miraa nchini Kenya, maneno haya mawili ni kitu kimoja. Miraa hufifia makali ndani ya saa 48 hivi baada ya kuchumwa, kwa hiyo haiwekwi ghalani. Huchumwa, huchambuliwa, hufungwa kwa majani ya mgomba, kisha pikapu, mara nyingi Toyota Hilux, hukimbizwa Nairobi kuwahi ndege ya Mogadishu. Ustadi wa wafungaji wa huko naustahi sana. Mwendo ule wa barabarani siukubali. Dakika za kuokolewa ziko nyuma zaidi, pale mzigo uliokwisha kufungwa unapomngoja mnunuzi, au mnunuzi anapoungoja mzigo, huku dereva akijua kwamba yeye ndiye atakayedaiwa kuzifidia.